Usiku wa Kwanza Ng'ambo ya Songwe

Tulikanyaga daraja la Mto Songwe saa kumi na robo jioni, na tulipofika ng'ambo ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Daraja lenyewe ni fupi, hata mwenye mzigo halimchukui dakika tano. Mdogo wangu alisimama katikati, akaitazama simu yake ikirudi nyuma saa moja mbele ya macho yake, akaniinulia nione. Malawi inafuata saa za Afrika ya Kati, sisi tunafuata za Afrika Mashariki. Niliichukua saa ile kama zawadi ya mwenyeji. Nilikuja kugundua baadaye kwamba jua halina habari na saa za serikali: Karonga, mwezi wa Juni, jua huzama saa kumi na moja na nusu, na usiku wa kwanza ugenini ukawa mrefu kuliko usiku wowote niliowahi kulala macho.

Sisi ni watu wa Kilwa Kivinje. Tulilelewa na bibi mzaa mama, katika nyumba ambayo maji yakijaa unayasikia ukiwa kitandani, kisha maisha yakatupeleka Dar es Salaam. Mdogo wangu ana miaka 22 na hakuwahi kutoka nje ya Tanzania. Nilimwahidi kwamba akimaliza chuo nitamvusha mpaka, kwa basi na kwa miguu, begi mgongoni, tulale tutakapofika. Angeweza kuchagua Nairobi. Alichagua Malawi kwa sababu ya ziwa. Shuleni tulifundishwa kuliita Nyasa, naye alitaka kulala walau usiku mmoja mahali ambapo watu wanaliita Malawi.

Kutoka Mbeya hadi mpakani safari ni ya kuteremka. Tukuyu tulipita tumevaa masweta, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai na migomba imesimama pande zote mbili za barabara kama watu waliokuja kuona msafara. Kisha basi letu la Kosta likaanza kushuka, kona baada ya kona, masikio yakiziba na kuzibuka, na tulipofika tambarare ya Kyela masweta yalikuwa yamefungwa kiunoni. Pale joto linatoka chini, kwenye udongo. Mvuno wa mpunga ulikuwa umekwisha. Mabua makavu yalienea hadi macho yanapoishia, na kila penye sakafu ya saruji mtu alikuwa ameanika mpunga wake, anaugeuza kwa mguu.

Kasumulu, mpakani upande wetu, ni mahali pa watu wanaokwenda mahali pengine. Malori yamepanga foleni, madereva wamelala kwenye machela waliyofunga chini ya matela, akina mama wanauza ndizi, na wabadilisha fedha wanakufikia kabla mguu wako wa pili haujagusa chini. Mmoja alitupunja. Alihesabu noti mbele yetu, akazichukua tena kwa kisingizio cha kuzipanga vizuri, akaturudishia zilizopungua. Tuliligundua hilo tukiwa tumeshavuka. Nalisema kwa ajili ya yeyote atakayepita: ukishapokea fedha yako, isitoke tena mkononi mwako. Zilizobaki zilitutosha. Katika noti ya kwacha 200 kuna sura ya mwanamke, Rose Chibambo, mmoja wa waliopigania uhuru wa nchi ile na mwanamke wa kwanza kuwa waziri humo. Kwacha maana yake ni kumekucha.

Mtanzania haombi viza kuingia Malawi. Mdogo wangu hakuwa na pasipoti, alikuwa na hati ya dharura ya kusafiria, ile karatasi inayowavusha wengi wetu kwenda nchi jirani. Aliishika kwa mikono miwili tangu Mbeya. Ofisa alipoigonga muhuri, kijana wangu alisoma tarehe kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma cheti chake. Mimi nilivuka mpaka mwingine miaka iliyopita, kwa ndege, na sikumbuki hata rangi ya muhuri wangu. Naamini aliyeona sawasawa siku ile ni yeye.

Tulirudi nyuma kidogo tuutazame mto. Songwe si mpana. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda taratibu, na kijana mwenye mkono mzuri angerusha jiwe likaanguka nchi ya pili. Lakini jina lake limo katika mkataba ambao Uingereza na Ujerumani walitia saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya Waingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland. Mkataba unasema mpaka ufuate mwambao wa ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha upande na mto. Kutokana na maneno yale ya mwambao, Tanzania na Malawi zinabishana hadi leo kuhusu maji ya ziwa: je, mpaka upo katikati, au upo kwenye mchanga wetu sisi?

Waandishi wa mkataba waliuchukua mto kama uzio. Songwe hauna tabia ya uzio. Ukishashuka kutoka milimani na kuingia tambarare hausimami kwenye njia moja. Mvua kubwa zikinyesha hukata kona, huiacha njia ya zamani ikauke na kuchimba nyingine, na shamba lililolala Tanzania linaamka Malawi, au kinyume chake. Watu wamewahi kuamka nyumba zao ziko nchi nyingine bila wao kuhama hata hatua. Mwaka 2017 nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya bonde la Mto Songwe, na kuutuliza mto ni mojawapo ya mambo makubwa wanayoyatafuta pamoja.

Mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili. Mdogo wangu alimwamkia, akamuuliza kama ni kweli mto unahama.

"Shikamoo yako nimeipokea, mjukuu wangu," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mto unahama. Sisi hatuhami. Ukihama tunavuka tunalima, jioni tunarudi."

Akaendelea na safari yake. Hakuwa ametazama upande wa ofisi yoyote.

Kutoka mpakani hadi mji wa Karonga ni takriban kilomita 45. Tulipanda gari dogo la abiria lililobeba watu zaidi ya viti vyake, mimi nikiwa na begi mapajani na begi la mdogo wangu chini ya miguu ya mama mmoja aliyekataa katakata lisiwekwe juu ya paa. Mama yule alimsalimu kila aliyepanda: mugonile, na kila aliyepanda alijibu. Salamu hiyo hiyo niliisikia asubuhi Tukuyu. Wanyakyusa wa kwetu na Wangonde wa Karonga ni watu wa shina moja. Lugha zao zinasikilizana, majina yao ya ukoo huanza na Mwa-, na pande zote mbili husimulia kwamba watawala wao wa kale waliteremka kutoka milima ya Ukinga. Mama akipewa chenji anasema ndaga, yaani asante, ile ndaga niliyoambiwa na muuza ndizi wa Tukuyu.

Nasi, walipojua hatujui Kingonde, walituhamia wote kwa Kiswahili. Dereva, mama, hata kijana aliyekuwa amesinzia. Mdogo wangu alifurahi mno. Aliwaambia kwamba mwaka 2019 jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne, palepale Dar es Salaam, na kwamba sasa lugha yetu inakwenda kila mahali. Mama akamjibu kwamba Karonga kilifika zamani sana. Alisema hivyo tu, akatazama dirishani. Mimi sikulitilia maanani neno lile.

Barabarani nilihesabu baiskeli nyingi kuliko magari. Zile za kubeba abiria wanaziita kabaza, zina kiti cha godoro nyuma, na dereva wake akikubeba anapumua kwa niaba yenu wote wawili. Pembeni mpunga ulikuwa umeanikwa kama Kyela. Mchele wanaojivunia kuliko mwingine nchini mwao, ule wenye harufu, wanauita Kilombero. Nilipomwambia mama kwamba Kilombero ni bonde letu la Morogoro alisema analijua, ndiko mbegu ilikotoka. Kwa dakika chache nilisahau kwamba nimetoka nje ya nchi yangu.

Gesti tuliyoipata ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ziwani: vyumba sita vinavyotazamana, mwembe katikati ya uwanja, pipa la maji, chandarua cha buluu juu ya kila kitanda. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, mrefu, aliyevaa koti la suti juu ya kanzu ya kulalia. Alitupokea kwa Kiswahili cha nyanda zetu za juu, chenye "ati" na "sasa" zake. "Karibuni, wanangu. Mabegi haya mazito mnakwenda nayo wapi?" Mke wake alishakuwa anachota maji ya kuoga.

Giza liliingia kama mtu aliyefunga mlango. Kisha umeme ukakatika, na mtaa mzima ukanyamaza redio zake. Mzee akatoa taa ya sola, akaitundika kwenye tawi la mwembe, na chakula kikaletwa pale pale. Nsima ya mahindi ilikuwa imechotwa tonge laini laini na kupangwa sahani moja, tonge moja likiegemea jingine, na bakuli la usipa wa nyanya. Usipa ndio dagaa wa ziwa lile. Jina ni hilo hilo Kyela, na mdogo wangu aliyekulia kwenye dagaa wa baharini alikula akaongezwa.

Mdogo wangu amesokota nywele, zinamfika mabegani. Mzee alizitazama muda, akatabasamu.

"Wewe, mwanangu, enzi za Banda usingepita mpakani na nywele hizo. Wangekunyoa kwanza."

Hakuwa anatia chumvi. Hastings Kamuzu Banda aliiongoza Malawi tangu uhuru wa Julai 1964 hadi 1994, na mwaka 1973 serikali yake ilitunga sheria ya mavazi: mwanamke asivae suruali wala sketi fupi, mwanamume asifuge nywele ndefu. Vijana wa Ulaya waliokuwa wakizunguka Afrika na mabegi mgongoni miaka ile walinyolewa mpakani au wakarudishwa. Mzee alituambia kwamba nywele zilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa mdomo.

Baba yake alikuwa mfuasi wa Kanyama Chiume. Jina hili Watanzania wenye umri wa kutosha wanalijua. Chiume alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Malawi. Miezi miwili tu baada ya uhuru mawaziri waligombana na Banda, wengine wakafukuzwa, wengine wakajiuzulu, na Chiume akakimbilia Tanzania, nchi aliyosomea tangu utotoni. Aliandika hata riwaya kwa Kiswahili, *Dunia Ngumu* ikiwa mojawapo. Waliobaki nyuma wakaanza kutafutwa majumbani.

"Mimi nilikuwa na miaka 15," mzee alisema. "Tulivuka Songwe usiku, baba, mama, mimi na dada zangu wawili. Hapakuwa na mtumbwi. Maji yalinifika kifuani, mama alimbeba mdogo kichwani kama mtungi. Tukatokea kwenu. Usiku wangu wa kwanza nje ya nchi yangu nililala chini ya migomba ya mtu nisiyemjua. Alfajiri mwenye shamba akaja na panga. Baba akasimama, akanyoosha mikono. Yule mtu akatutazama, akarudi kwake. Tulidhani amekwenda kuita watu. Alikwenda kumwita mkewe, wakaja na sufuria la uji."

Alinyamaza akamwangalia mkewe, ambaye bila shaka alishaisikia hadithi hii mara nyingi, naye aliitikia kwa kichwa kama anayethibitisha.

Walikaa Tukuyu miaka tisa. Kiswahili alikijulia huko, shuleni na sokoni. Dada yake aliolewa huko na hakurudi. "Kwa hiyo mtu wa Tanzania akigonga mlango huu," alisema, "hata kama vyumba vimejaa, nitamtafutia mahali."

Nilimshukuru kwa maneno ambayo sasa nayaona yalikuwa mepesi. Kisha akauliza swali ambalo kila mwenyeji huuliza.

"Tanzania ni kubwa. Nyinyi ni wa wapi hasa?"

"Kilwa," mdogo wangu alijibu upesi. "Kilwa Kivinje."

Mzee aliweka tonge lake sahanini. Sikuona hasira usoni mwake, na napenda hilo lieleweke. Aliacha tu kula. Mkewe alisema kitu kwa Kingonde, kwa sauti ya chini, naye akajibu neno moja. Wadudu waligonga taa.

"Kilwa," alisema. "Mama wa bibi yangu alilijua jina hilo. Hakuwahi kufika. Alinusurika kufika."

Ndipo alipotusimulia habari za Mlozi.

Mlozi bin Kazbadema alikuwa mfanyabiashara Mswahili aliyekuja na bunduki, pembe za ndovu zikiwa mbele na watu nyuma, akajenga ngome yake Mpata, bara kidogo kutoka Karonga. Mwanzoni Wangonde walimkaribisha, kwa kuwa mgeni anayenunua huwa anakaribishwa. Kampuni ya Waskoti, African Lakes Company, nayo ilikuwa imeshaweka kituo Karonga na ilinunua pembe kwake. Ugomvi ulipozuka mwaka 1887, Mlozi alijitangaza kuwa sultani wa nchi ya Wangonde. Oktoba mwaka huo watu wa vijiji vya jirani walikimbilia kwenye ziwa dogo la Kambwe, wakajificha ndani ya matete. Rugaruga, wapiganaji wa Mlozi, wakalizunguka, wakayatia matete moto. Waliotoka walipigwa risasi au walifungwa kamba. Waliorudi majini walikutana na mamba. Vita vikafuata. Mwingereza Lugard, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana mkuu wa Nigeria, alijeruhiwa pale mwaka 1888. Desemba 1895 Mwingereza Harry Johnston alikuja na askari na mizinga, akaibomoa ngome, Mlozi akahukumiwa mbele ya wakuu wa Wangonde na kunyongwa. Waingereza waliomnyonga wakabaki na nchi, na wakaanza kudai kodi.

Hizo tarehe zimo vitabuni, nilizisoma baadaye. Mzee hakutaja hata moja. Alichosimulia ni habari za msichana wa miaka kama minane, ambaye mama yake alimkandamiza kichwa chini ya maji kila alipotaka kukohoa kwa moshi. Mama alipotea. Msichana alitoka usiku, peke yake, akatembea hadi milimani. Alipozeeka alikuwa anamfundisha binti yake, ambaye ndiye bibi wa mzee huyu, maneno machache aliyoyasikia kutoka ukingoni siku ile, yaliyokuwa yakipigiwa kelele kuelekea kwenye matete.

"Toka. Toka nje. Hatukudhuru," mzee alisema.

Aliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswahili ndivyo yalivyosemwa.

Mdogo wangu, aliyekuwa amejaa maneno mchana kutwa, aliuliza kwa sauti ndogo: "Mzee, kwa hiyo sisi ndio wale?"

Mzee alimfikiria. "Wewe umezaliwa mwaka gani, mwanangu? Hukuwepo. Lakini njia ilikuwepo, na ilikuwa inaishia kwenu."

Alisema kweli. Kivinje ya karne ya 19 ilijengwa na biashara ile ya watumwa. Misafara kutoka nchi za ziwa hili iliteremka wiki kwa wiki hadi pwani kwetu, na kutoka pwani majahazi yaliwapeleka watu Zanzibar na ng'ambo ya bahari. Magofu ya nyumba za matajiri wa zamani bado yamesimama Kivinje, milango ya nakshi imeng'olewa, mizizi ya mikuyu imeshika kuta. Tulicheza humo utotoni. Hakuna mtu mzima aliyetuambia nyumba zile zilijengwa kwa fedha gani, nasi hatukuuliza.

Mke wa mzee ndiye aliyevunja kimya. "Waliochukuliwa walikwenda huko kwenu na wakazaa huko," alisema. "Huenda na nyinyi ni wetu. Huenda mmerudi." Alilisema kwa upendo, akatuongeza usipa. Lakini sikuthubutu kulipokea upesi. Ni neno ambalo lingetuondolea mzigo kwa urahisi mno, na mzigo wenyewe ndio kwanza tulikuwa tunauona.

Nilipolala chini ya chandarua usingizi haukuja. Umeme ulirudi usiku wa manane, feni ikaanza kuzunguka, ikanyamaza tena. Nilikuwa namkumbuka bibi. Mtaani kwetu Kivinje alikuwapo mama mtu mzima, mpole, mshonaji wa mikeka, na bibi alipomtaja mbele ya watu alimwita kwa jina lake. Alipokuwa jikoni na dada zake alimwita "yule Mnyasa." Nilipokuwa mtoto nilidhani Mnyasa ni kabila kama Mmakonde au Mngindo. Sauti ndiyo iliyonieleza kwamba kuna kitu kingine, ile sauti inayoshuka mtu anapotaja ugonjwa wa aibu. Pwani nzima neno lile lilikuwa na maana hiyo: uzao wa walioletwa. Mama yule alizikwa Kivinje. Nilikuwa nimelala mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye maji yaliyompa jina, na sikuwahi kumuuliza babu zake walitoka upande gani wa ziwa.

Kwa Kiswahili chetu mlozi ni mchawi. Sijui kama mtu yule alilibeba jina lake akijua hivyo.

"Kaka," mdogo wangu aliita kutoka kitanda cha pili. Naye hakulala. "Kwenye gari, yule mama aliposema Kiswahili kilifika zamani sana."

"Ndiyo."

"Nilikuwa namjulisha habari njema."

Sikuwa na la kumjibu. Tulibaki tunasikiliza mbwa hadi jogoo wakaanza.

Asubuhi tulikwenda ufukweni kabla ya chai. Jua la Karonga huchomoza kutoka ng'ambo ya ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Tanzania: Milima ya Livingstone ilisimama pale, nyeusi kwanza, kisha ya zambarau, kisha mwanga ukamwagika juu ya migongo yake na kuteremka majini. Wavuvi walikuwa wanaingia na usipa wa usiku. Wanawake walipanga beseni. Mdogo wangu alikuwa amepanga tangu Dar kupiga picha ya asubuhi ile. Hakuitoa simu.

Karonga ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004, nasi tulipita humo. Kuna mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa katika wilaya ile na aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na kuna habari za taya la binadamu wa kale lililookotwa Uraha mwaka 1991. Mtu mwenye siku mbili mjini asiyakose. Lakini siku ile macho yetu yalikuwa kwingine, na hatukukaa.

Mzee alitutafutia kabaza mbili, akamtuma mjukuu wake atangulie kwa baiskeli ya tatu. Tulikwenda kaskazini mwa mji, kwa njia za mchanga kati ya mashamba ya mpunga, hadi matete yalipoanza. Kambwe ni pazuri. Nashindwa kuliandika hilo kwa namna nyingine. Maji yametulia, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja, matete yamefika juu ya kichwa cha mtu mzima na upepo ukiyapita yanatoa sauti ya watu wengi wanaonong'ona. Watoto wawili walikuwa wanavua kwa ndoano. Walitusalimu kwa Kiswahili, kwa sababu mabegi yetu yalionesha tumetoka upande gani.

Mdogo wangu aliwajibu kwa Kingonde. Alikuwa amemuuliza mke wa mzee maneno matatu wakati wa chai, akayaandika kiganjani. Watoto walicheka kwa jinsi alivyoyatamka, wakamrekebisha, naye akarudia hadi wakaridhika.

Tulisimama pale karibu saa nzima. Tuliporudi, mzee alikataa kupokea fedha ya chumba. Nilimsihi, akakataa. Alisema tukipita Tukuyu tupeleke salamu kwa dada yake, akatupa jina la mtaa na mti wa kuulizia. Tulipitia huko siku nne baadaye na tukazifikisha.

Kwa Mtanzania mwenzangu mwenye begi na siku chache za likizo: Songwe hauko mbali na nauli yake si kubwa. Wasafiri wengi wakishavuka huipita Karonga bila kushuka, wanakimbilia Mzuzu na fukwe za Nkhata Bay. Wewe shuka. Lala pale usiku mmoja, na mwenyeji akikuuliza unatoka wapi, mtajie mji wako wenyewe. Kama unatoka pwani, kaa naye hadi amalize kusema.